Kiongozi Anayeambilika

Mkoani Simiyu hekima huombwa kama mvua. Ijumaa msikitini, Jumapili kanisani, asubuhi ya kikao cha baraza la madiwani, hakosi mtu wa kusimama na kuwaombea viongozi wetu hekima na busara. Amina inaitikiwa, watu wanakaa, ajenda zinaanza. Sina ugomvi na dua. Ninachojiuliza ni hiki: dua hiyo ikijibiwa leo, hekima yenyewe itamfikia kiongozi kwa mdomo wa nani? Historia ya eneo hili, kuanzia tawala za zamani za Ntuzu, Itilima na Kanadi hadi Maswa na Meatu, inaonyesha kuwa viongozi wengi waliotuharibia hawakuwa wajinga hata kidogo. Walikuwa na shahada, ramani, takwimu, na mara nyingine nia njema kabisa. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia "hapana", nao wakasikia.

Mfalme Suleimani sitamleta hapa. Ametumikishwa vya kutosha kwenye hotuba za wageni rasmi. Nitaanza na miti.

Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliamua kupambana na mbung'o Usukumani. Charles Swynnerton, mtaalamu aliyeongoza kazi hiyo akiwa na makao yake Shinyanga, aliamini kwamba vichaka vikifyekwa mbung'o atakosa pa kuishi. Kisayansi hakukosea. Batemi, watawala wa jadi wa Kisukuma, wakapewa kazi ya kuwatoa watu kwenda kufyeka, mbung'o akarudi nyuma, malisho yakapanuka na pamba ikapata mashamba. Miti haikurudi. Mwaka 1947 wakaja wataalamu wengine na Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioendeshwa kutoka Malya. Hesabu zao zilionyesha kuwa watu na ng'ombe wamezidi uwezo wa ardhi, kwa hiyo zikatoka amri. Lima kwa matuta yaliyofungwa ili maji yasikimbie. Weka samadi. Punguza ng'ombe kila mwaka. Usikate mti ovyo. Asiyetii alitozwa faini, na mbishi alifungwa.

Ukizichukua amri hizo moja moja, nyingi utaona zina akili. Matuta ya aina ile yalifanyiwa utafiti Ukiriguru, na hata leo bwana shamba atakayekuja Dutwa au Nkololo mwaka wa ukame anaweza kukushauri jambo linalofanana nayo. Tatizo lilikuwa mahali ambapo ushauri ule ulipitia. Kabla ya mkoloni, ntemi hakuwa mtu wa kujiamulia. Alizungukwa na banang'oma, wazee waliomchagua, waliomshauri, na waliokuwa na uwezo wa kumwondoa akiharibu au mvua zikigoma kwa muda mrefu. Alikuwa mkubwa, lakini aliishi akijua kuna watu wanaoweza kumwambia basi. Utawala wa Waingereza ukamwekea mshahara, ukamkabidhi askari na mahakama, na uwezo wa kumwondoa ukahamia bomani. Ntemi akaanza kutazama upande wa mshahara. Mkulima aliyekataa matuta akajikuta mbele ya mzee yuleyule aliyepaswa kumsemea, safari hii akiwa ndiye anayemhukumu.

Wakulima walipokosa pa kusemea, walisemea kwingine. TANU ilinyimwa usajili katika Jimbo la Ziwa kuanzia 1954, na bado watu waliifuata. Mwaka 1958 maandamano ya watu wa Geita yalifika hadi Mwanza mjini, zile amri zikawa hazitekelezeki tena, na uhuru ulipokuja haukupita muda serikali mpya ikafuta utemi mwaka 1963. Machozi hayakuwa mengi, na sababu inaeleweka. Ila walipofutwa batemi walifutwa pia banang'oma, na sidhani kama tumewahi kukaa chini tukajiuliza kazi yao ilirithiwa na nani.

Serikali huru nayo ilikuja na wataalamu wake. Kabla ya Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, kaya nyingi za Kisukuma zilikuwa na ngitili. Mvua zikianza, sehemu ya malisho inafungwa. Hakuna uzio wala kibao, mpaka unajulikana tu: mti ule, kichuguu kile, korongo lile. Nyasi zinakua, migunga inachipua, na hakuna anayepitisha mfugo. Kiangazi kinapokaza, ngitili hufunguliwa kwa kipande, na wa kwanza kuingia ni ndama, ng'ombe wa maziwa, wanyonge na maksai wa kulimia. Aliyeingiza kundi lake kwa wizi alihukumiwa na dagashida, mkutano wa jadi wa eneo hilo, na faini yake iliuma. Watu walipohamishiwa vijijini, ngitili zilibaki kule nyuma bila mwenyewe. Mwalimu Nyerere alipotembelea Mkoa wa Shinyanga mwaka 1984, mkoa ambao wakati huo ulizibeba Bariadi, Maswa na Meatu, aliuita jangwa la Tanzania. Utaalamu ulikuwa umefanya kazi yake mara tatu katika ardhi ileile.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI. Sehemu hii naipenda kuliko zote, kwa sababu nao mwanzoni ulielekea kulekule. Bustani za miche, miti ya kigeni, siku ya kupanda miti, mgeni rasmi akipigwa picha na koleo. Mchwa wakala, jua likakausha, mbuzi wakamalizia. Maofisa wa mradi wangeweza kuandika kwenye ripoti kwamba wananchi hawana mwamko, na hakuna wizara ambayo ingewauliza zaidi, maana sentensi hiyo imeokoa vibarua vingi nchini. Badala yake walikaa na wazee na kuwauliza zamani mlihifadhi vipi. Wakajibiwa ngitili. Mradi ukageuka. Kazi ya ofisa ikawa kusaidia kupima, kuweka sheria ndogo na kutatua migogoro ya mipaka, na dagashida na sungusungu wakaachiwa ulinzi. Eneo la ngitili lililokuwa limeandikwa mwaka 1986 lilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa yamepita hekta 300,000. Mwaka 2002 HASHI ikapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Ripoti za mradi husifu miti. Mimi nasifu kile kikao ambacho mtaalamu alikubali kwamba mpango alioutoa ofisini haufai, akauacha. Hakuna mnara uliojengwa kukumbuka kikao hicho.

Kukosekana kwa miti kulizaa balaa lingine ambalo wengi hatupendi kulihusisha na uongozi. Kuni zilipoadimika, wanawake wa Usukumani walipikia mabua na mavi ya ng'ombe. Moshi wa miaka mingi ukawatia wekundu wa macho, na mwanamke mzee mwenye macho mekundu akaanza kuitwa mchawi. Waliouawa kwa shutuma hiyo ni wengi, na mauaji yaliendelea kwa miongo. Hapo sitaki kuwapamba wazee wetu. Baadhi yao ndio waliobariki shutuma hizo, na waganga wa ramli walizipa muhuri. Mabaraza ya jadi yalikuwa ya wanaume, na kikongwe aliyekuwa akijadiliwa hakuwa na kiti. Mvi peke yake haijawahi kuwa hekima, na baraza ambalo anayehukumiwa hana mdomo ndani yake linaweza kuua kwa kauli moja.

Serikali ilipoingilia kati mwaka 1976 ili kukomesha mauaji hayo katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola viliwakamata watu kwa makundi, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo hivyo. Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Ali Hassan Mwinyi. Hakuamuru mateso yale, wala hakuwapo yalipotendeka. Mwanzoni mwa 1977 alijiuzulu kwa sababu wizara ilikuwa yake. Waziri huyohuyo alikuja kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 1984 na Rais wa Jamhuri ya Muungano mwaka uliofuata. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, na wengi tunausoma msemo huo kama pole kwa kiongozi anayesemwa sana. Mwinyi aliusoma kama maelezo ya kazi. Taka zilitupwa na wengine, jalala lilikuwa yeye, akaondoka nazo. Vijana wa Bariadi wanaofundishwa kwamba Mwinyi, yaani Mzee Rukhsa, alileta biashara huria wafundishwe pia kwamba watu waliofia mahabusu huku kwetu ndio waliomtoa uwaziri, na kwamba jambo hilo halikummaliza kisiasa.

Miaka 31 baadaye waziri mwingine alijiuzulu, na huyu alikuwa wa kwetu kabisa. Andrew Chenge, mbunge wa Bariadi Magharibi, Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwa zaidi ya miaka kumi, msomi wa sheria aliyefika Harvard, aliachia Wizara ya Miundombinu mwezi Aprili 2008 baada ya kuibuka habari za fedha zake zaidi ya dola milioni moja katika kisiwa cha Jersey, wakati wa uchunguzi wa ununuzi wa rada ya serikali. Tuwe waadilifu: hakufikishwa mahakamani kwa jambo hilo, na wapiga kura walimrudisha bungeni mwaka 2010 na tena 2015. Ila nchi nzima inakumbuka kwamba alipoulizwa na waandishi aliziita fedha hizo vijisenti. Wakati huo mkulima wa Bariadi alikuwa anahesabu shilingi kwa kila kilo ya pamba. Elimu ya mtu huyo hakuna anayeitilia shaka. Mashaka yangu yako kwa waliomzunguka siku ile. Hakuwapo hata mmoja wa kumvuta pembeni na kumwambia, mzee, hili usilitamke?

Siku hizi watu hao tumewapa jina, na jina lenyewe linatosha: chawa. Kila kiongozi anao. Wanajua kupiga makofi kabla sentensi haijaisha. Tatizo la chawa ni kwamba wanamziba masikio mtu tuliyemwombea hekima Jumapili.

Tuingie kwenye ghala la pamba, maana Simiyu ndiko inakotoka sehemu kubwa kuliko zote ya pamba ya nchi hii, na kwa wengi wetu uongozi haukutani nasi kwenye hotuba bali kwenye mizani. Msimu ukifunguliwa mwezi Mei, angalia ghala lolote la AMCOS, chama cha msingi cha ushirika. Mama anashusha mzigo kutoka kwenye baiskeli au mkokoteni wa ng'ombe. Karani anaingiza mkono ndani ya furushi hadi kwenye kiwiko, anatoa konzi, anaitazama juani: hii safi, hii fifi. Anapima. Anaandika. Kama anataja kilo kwa sauti na kumgeuzia mama mizani aone, umeshamjua mwenyekiti wa chama hicho ni mtu wa namna gani. Kama mizani inatazama ukutani na kitabu kinafunikwa kwa kiganja, umemjua pia. Na mkulima anayeibiwa kwenye mizani hujifunza naye kulipiza: maji kidogo usiku, mchanga kidogo katikati ya furushi. Kisha wote tunashangaa kwa nini pamba yetu inalalamikiwa huko inakouzwa.

Ushirika wenyewe katika Kanda ya Ziwa ulizaliwa mbele ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima waliochoshwa na wanunuzi waliokuwa wakiwapunja waliweka wapimaji wao wenyewe wa kuhakiki uzito. Kutoka hapo Paul Bomani na wenzake wakaunganisha vyama vya msingi, na mwaka 1955 Victoria Federation ikaandikishwa, ikaja kuwa moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Bomani akawa Waziri wa Fedha. Lakini chama kilipokuwa kikubwa, mkulima akawa mbali na mizani, malalamiko ya wizi na upendeleo yakarundikana, serikali ikaunda tume mwaka 1966, na mwaka 1976 ikavifuta vyama vyote vikuu vya ushirika kabla ya kuvirudisha kwa sheria ya 1982. Ugonjwa ulitibiwa kwa kumwondoa mgonjwa. Kama kuna mtu aliwauliza wakulima wa Bariadi maoni yao kabla ya kuvifuta, sijawahi kulikuta jibu lao popote.

Mwaka 2018 ununuzi ukarudishwa kwa AMCOS. Msimu wa 2019 bei dira ikatangazwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikaporomoka, wanunuzi wakasita, na pamba ikalala maghalani kwa miezi huku wenyewe wakisubiri malipo. Viongozi walipita wakihimiza subira. Subira ni neno zuri linapotoka kwa mtu ambaye naye hajalipwa mshahara. Bei ya dunia haipangwi Bariadi, hilo mkulima analijua kuliko tunavyodhani. Lililomuuma ni kuambiwa kila wiki kwamba fedha zinakuja wiki ijayo. Kiongozi mwenye busara angesimama mnadani, akaeleza soko limekuwaje, nani amekwama benki, na kukiri kwamba malipo yatafika lini hasa hajui. Kusema sijui mbele ya watu ni kazi ngumu kuliko kukata utepe.

Mkoa wetu ulizaliwa Machi 2012, na sensa ya 2022 imetukuta watu 2,140,497. Katika muda huo mfupi tumepata viongozi wa kila aina. Anthony Mtaka, aliyekuwa mkuu wa mkoa kuanzia 2016 hadi 2021, aliutangaza Simiyu kuliko mtu yeyote kabla yake: chaki za Maswa, maziwa ya Meatu, kambi za kitaaluma za wanafunzi wanaojiandaa na mitihani, Nane Nane ya kitaifa Nyakabindi miaka mitatu mfululizo, 2018 hadi 2020. Alikuwa na nguvu na alijua kuwashawishi watu wa fedha. Baada yake wakaja David Kafulila, Yahaya Nawanda na Kenani Kihongosi, wote kabla 2024 haijaisha. Kila aliyekuja alikuja na kaulimbiu yake. Sisemi kaulimbiu zilikuwa mbaya. Nasema mkuu wa mkoa ni mgeni anayeweza kuondoka kwa taarifa ya saa mbili usiku, na hekima inayopandishwa naye kwenye gari siku hiyo haikuwa mali ya mkoa. Uwanja wa Nyakabindi umebaki kwa sababu ni uwanja. Mwenye nafasi apite Maswa na Meatu akaangalie lipi lingine limebaki, halafu aulize lile lililobaki lilikuwa na kamati ya nani.

Kwa hiyo narudi kwenye kazi ya banang'oma. Kisheria ilirithiwa, ila mrithi hajui kwamba ana urithi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, namba 7 ya 1982, inamfanya kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea kuwa mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, wanawake na vijana wakiwemo, jambo ambalo baraza la ntemi halikuwahi kuliwaza. Mkutano huo unapaswa kukaa angalau kila baada ya miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano huo kuridhia. Hapa ndipo kuna nguvu ya kumwambia mkubwa hapana, bila fujo na bila maandamano ya kwenda Mwanza.

Hali halisi tunaijua. Mkutano unaitishwa mbiu ya mgambo ikilia kwamba mgeni anakuja. Watu wanapangwa juani, mgeni yuko kivulini. Anahutubia, anauliza maswali mawili, majibu yanatolewa na mwenyekiti. Mapato na matumizi yanasomwa mbio, tarakimu zinafuatana hadi mtu anasahau ya kwanza ilikuwa ipi, na anayeinua mkono anaulizwa katumwa na nani. Baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024, ambapo CCM ilitangazwa mshindi wa karibu vijiji vyote nchini, kazi hii imekuwa muhimu zaidi, na nawaambia hasa wana-CCM wenyewe. Mkiwa peke yenu mezani, wa kuwaambia mmekosea ni lazima atoke miongoni mwenu. Mkimzomea, mmebaki na chawa.

Wakuu wa wilaya zetu tano, Bariadi, Itilima, Busega, Maswa na Meatu, wanaweza kuanza na jambo dogo lisilohitaji bajeti. Ukifika kijijini usihutubie kwanza. Kaa, uliza mkutano wa mwisho wa robo mwaka ulifanyika lini, taka muhtasari wake, kisha waache watu waseme mpaka wamalize, na wanawake watangulie. Mwenyekiti na mtendaji wakae pembeni wasikie. Ndipo usimame.

Nawe msomaji, uwe Somanda, Lamadi au Mwanhuzi, mkutano wa kijiji au wa mtaa wako ukiitishwa, usimwachie mgeni rasmi. Nenda, kaa mbele, na mapato na matumizi yakianza kusomwa mbiombio, mwombe mtendaji arudi ukurasa wa kwanza na asome polepole.